Gari la mizigo liligusa ubavu wa ndege na halikuacha alama. Je, ndani kumevunjika?

"Shikamoo fundi. Ninapakia mizigo kwenye uwanja wa ndege hapa Mwanza. Siku kumi na moja zilizopita, jioni, mvua ikinyesha, gari la mkanda wa kupandishia mizigo liliteleza likagonga ubavu wa ndege, chini kidogo ya mlango wa mizigo. Kilichogusa ni mpira wa mbele. Ndege ilitikisika. Tulimulika kwa tochi, tukapangusa kwa kitambaa, hatukuona hata mkwaruzo. Mwenzangu akagongagonga kwa sarafu ya shilingi mia mbili, akasema inalia sawa pande zote. Kiongozi wa zamu akasema hakuna alama, hakuna kesi. Ndege ikaondoka. Juzi fundi mmoja wa boti za faiba kule Igogo ameniambia ndege za siku hizi nazo ni faiba, zinavunjika kwa ndani huku nje zinang'aa. Tangu hapo usingizi umekata. Nimesoma kuna roboti inayotambaa juu ya ndege ikipiga ultrasaundi. Ikipitishwa itaona kila kitu? Na mimi nifanye nini? Nina watoto wawili, na kibarua hiki ndicho kinachowalisha."

Marahaba, mdogo wangu. Nitaanza na swali lako la mwisho kwa sababu ndilo lenye haraka. Simu uliyoshika mkononi itumie sasa hivi kumtafuta fundi mwenye leseni anayeihudumia ndege hiyo, umwambie yaleyale uliyoniandikia. Siku kumi na moja zimeshapita. Usiongeze ya kumi na mbili ukisubiri nimalize kueleza. Ukisharudi, kaa tusome, maana ni vizuri ujue kwa nini nimekukimbiza.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Habari ya tochi na sarafu angeweza kunisimulia mtu yeyote. Wewe umetaja mambo mawili ambayo mkaguzi wa ndege angeyapigia mstari: kwamba kilichogusa ni mpira, na kwamba ndege ilitikisika. Ndege ya abiria ni tani nyingi zilizosimama juu ya magurudumu. Haitikisiki kwa kuguswa, inatikisika kwa kusukumwa. Nguvu iliyoisukuma iliingilia mahali fulani kwenye ubavu ule, na tunachotaka kujua ni mahali hapo palifanyaje.

Yule fundi wa Igogo amepatia nusu. Boti yake imejengwa kwa nyuzi za kioo zilizolowekwa resini (gundi ya majimaji inayoganda) kwa brashi na rola, kazi ya mkono, jua likiwaka. Ndege inajengwa kwa nyuzi za kaboni zilizoshikwa na gundi ya epoksi, matabaka membamba ya kama milimita 0.2 kila moja, yakipangwa kwa pembe zilizohesabiwa, kisha kuivishwa kwa joto na shinikizo. Sisi huita kompositi. Undugu wake na boti ya faiba ni kama wa nyumba ya zege na ukuta wa udongo: zote zina ukuta, basi.

Halafu si kila ndege, wala si kila sehemu ya ndege. Hukutaja aina, na umefanya vema kutoitaja hapa, lakini fundi wako lazima umtajie. Kwenye Boeing 787 karibu nusu ya uzito wa muundo wake ni kompositi, kiwiliwili kikiwemo. Airbus A220 ina mabawa ya kaboni, ila kiwiliwili chake ni aloi ya aluminiamu na lithiamu. ATR 72, ile yenye mapanga mbele ya mabawa ambayo watu wa kanda ya ziwa wameizoea, ilipoanza kubeba abiria mwaka 1989 tayari sehemu ya nje ya bawa lake ilikuwa na boksi la kaboni, kwa hiyo hii "teknolojia mpya" ina umri wa mtu mzima mwenye familia. Dash 8-400 sehemu kubwa ni aluminiamu, lakini mapanga yake ni kompositi. Hivyo "chini kidogo ya mlango wa mizigo" kwenye ndege moja ni aluminiamu, kwenye nyingine ni kaboni, na ukisogea hatua mbili unaweza kukuta kifuniko cha sega, yaani vijumba vitupu kama vya sega la nyuki, lililofunikwa ngozi nyembamba. Kila kimoja kinaumia kwa namna yake na kinakaguliwa kwa namna yake.

Kuna pia watu watakaokuambia kompositi ni plastiki isiyoaminika, na watataja ajali ya New York ya tarehe 12 Novemba 2001, Airbus A300 ilipopoteza mkia wake wa wima wa kompositi na kuua watu 260 waliokuwemo na 5 waliokuwa chini. Mkia ulikatika, ndiyo. Ila wachunguzi walikuta kwamba usukani wa mkia ulikuwa umekanyagwa kulia na kushoto kwa nguvu, mara baada ya mara, hadi mzigo ukavuka kile ambacho mkia ulibuniwa kuhimili. Kompositi ile ilibeba zaidi ya ahadi yake kabla ya kukatika. Nakuambia haya ili usiondoke hapa ukiogopa kupanda ndege. Hofu yako ibaki mahali pake, kwenye ule ubavu mmoja.

Sasa kwa nini hakuna alama. Ukiligonga debe linabonyea, na lile bonde linabaki. Chuma kikipigwa kinaandika kumbukumbu usoni. Kompositi ya kaboni haina tabia hiyo. Inapinda, inarudi, na uso unabaki laini kama ulivyokuwa. Nyuzi zenyewe ni imara mno. Kinachoachia ni gundi iliyo kati ya tabaka na tabaka. Umewahi kumwona mama anayepika chapati za kusukuma akiitoa chapati kwenye kikaango na kuipiga kofi mbili tatu kwa viganja? Nje inabaki nzima, duara lake lilelile. Ndani matabaka yameachana. Kwa chapati hiyo ni sifa, tunalipia zaidi. Kwa ubavu wa ndege ndiyo shida tunayoitafuta.

Kitu kigumu na kidogo kikidondoka, tuseme spana, pigo linaingia kwenye nukta na uharibifu unapanuka ukishuka, kama mwavuli uliofunguliwa ndani ya ukuta. Juu unaweza kuona kidoa kisichozidi punje ya dengu, na upande wa nyuma matabaka yameachana eneo la kiganja. Wahandisi wanalijua jambo hili tangu zamani na wameliwekea hesabu: ndege inabuniwa iweze kubeba mzigo wake wote wa ubunifu, ambao ni mara 1.5 ya mzigo mkubwa kabisa unaotarajiwa kazini, hata ikiwa na madhara ya pigo yasiyoonekana kirahisi kwa macho. Wangefanya vinginevyo, kila spana iliyoanguka ingekuwa msiba.

Mpira ni habari nyingine, na hapa ndipo nilipoweka kikombe cha chai chini. Mpira mpana hauchomi nukta. Unasukuma eneo lote kwa pamoja, ngozi inapinda kuingia ndani bila kuchubuka, na nguvu inakwenda kutua kwenye mifupa iliyo nyuma yake: mbavu za mviringo zinazoshika umbo la ndege, na vipande vidogo vinavyofunga mbavu hizo kwenye ngozi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, walijenga paneli kubwa za kaboni zenye mbavu zake kamili wakazisukuma kwa mpira wa aina ileile unaofungwa mbele ya magari ya uwanjani. Mbavu na vifungo vilipasuka kwa ndani huku uso wa nje ukionyesha alama kidogo sana, au usionyeshe kitu. Gari la mkanda, mpira mbele, ndege ikatikisika: umenielezea jaribio lao, ila wewe ulikuwa Mwanza na mvua inanyesha.

Ina maana gani kwa usalama? Matabaka yaliyoachana hayana shida kubwa yakivutwa. Yakisukumwa kutoka pande mbili ndipo yanaposaliti. Chukua rula moja nene uisukume kutoka ncha zote mbili, itakaza. Chukua rula tano nyembamba zisizogandishwa, unene wake kwa jumla ni uleule, usukume: kila moja inapinda kivyake. Sehemu ya chini ya kiwiliwili hupata misukumo ya namna hiyo mara nyingi tu, kila safari.

Ile sarafu ya mwenzako haikuwa upuuzi. Kugonga ni njia halali, ina nyundo yake maalumu na imeandikwa kwenye vitabu vya matengenezo. Inafaa pale ngozi nyembamba inapokaa juu ya sega. Ikibanduka, mlio unakuwa mfu, kama kugonga kopo lenye unga badala ya tupu. Kwenye ukuta mnene wa matabaka ishirini au thelathini, sarafu haina la kusema isipokuwa kasoro iko karibu sana na uso. Tena mligonga mvua ikinyesha, na uwanjani injini hazinyamazi. Mwenzako alisikia alichotaka kusikia, hata mimi ningesikia hivyohivyo.

Twende kwenye ultrasaundi, yaani sauti nyembamba mno ambayo sikio haliisikii. Wewe ni mtu wa ziwani, hii utaielewa upesi kuliko wanafunzi wengi niliowafundisha. Watafiti wa samaki wanaozunguka Ziwa Victoria kukadiria sangara na dagaa hawawavui wote wawahesabu. Chombo kinatuma sauti chini, kinasikiliza mwangwi. Mwangwi wa kwanza ni samaki, wa mwisho ni sakafu ya ziwa, na muda uliopita kati ya kutuma na kupokea unasema ni kina gani. Kwa samaki masafa ya sauti, yaani idadi ya mitetemo kwa sekunde, ni kama kilohezi 120. Sisi kwenye kompositi tunatumia megahezi 5 hivi, zaidi ya mara 40, kwa sababu samaki wetu ni wadogo mno. Ndani ya kaboni sauti inakwenda karibu mita 3,000 kwa sekunde, kwa hiyo kwa masafa hayo wimbi moja lina urefu wa milimita 0.6. Ukuta wa milimita 5 unajibu baada ya sehemu kama 3.3 za milioni ya sekunde. Ukuta mzima unatoa mwangwi wa juu na mwangwi wa nyuma, basi. Mwangwi ukitokea katikati, na ule wa nyuma ukafifia au kupotea, kuna kitu kimekatiza njia.

Kitu hicho ni hewa. Mkeo akienda kupigwa ultrasaundi hospitali ya Bugando, wanampaka jeli baridi tumboni kwa sababu sauti ya masafa hayo haivuki hewa. Inagonga na kurudi karibu yote. Nasi tunapaka jeli au kumwagia maji kwa sababu hiyohiyo. Hewa hiyo inayotusumbua juu ndiyo inayotusaidia chini: matabaka yakiachana hata kwa upenyo ambao karatasi haipiti, hewa inakaa humo, sauti inagonga na kurudi, na tunajua. Hii ndiyo sababu ultrasaundi imekuwa mfalme kwenye kompositi ngumu isiyo na sega.

Na roboti? Kwanza tuivue utukufu. Roboti ya ukaguzi ni mkono usiochoka uliofungwa daftari. Ina vikombe vya kufyonza hewa vinavyoishikilia ubavuni au chini ya tumbo la ndege, ina probu (kichwa kinachotuma sauti na kupokea mwangwi) yenye vipande vidogo vingi, 64 kwa mfano, vinavyopokezana kupiga, ina maji yanayotiririka, na ina gurudumu linalohesabu umbali ili kila mwangwi uandikwe na mahali ulipotoka. Ikimaliza inakuchorea ramani: rangi moja kwa ukuta mzima, rangi nyingine pale mwangwi uliporudi mapema.

Faida yake ni hesabu tupu. Chukua mita moja ya mraba. Kwa probu ya kawaida ya mkononi yenye upana wa milimita 6, ukisogea milimita 3 kila mstari ili usiruke mahali, unapiga mistari zaidi ya 330. Kwa mwendo wa sentimita 10 kwa sekunde hiyo ni karibu saa nzima ya kukodolea skrini bila kupepesa, na hujageuza mkono hata mara moja. Probu pana ya milimita 50 inamaliza kwa mistari ishirini na kitu, dakika nne au tano. Binadamu kwenye dakika ya arobaini ameshaanza kufikiria chakula cha mchana. Na ramani ya roboti inahifadhiwa: mwaka kesho unapitisha tena mahali palepale, unaweka ramani mbili pamoja, unaona kama doa limekua. Kwa ndege iliyopigwa na mvua ya mawe mgongo mzima, au kwa ukaguzi wa ratiba unaojirudia, sitaki kusikia habari ya mkono.

Lakini wewe una mahali pamoja panapojulikana, eneo la ukubwa wa meza. Hapo fundi mwenye probu pana na gurudumu lake la kuhesabu anamaliza kabla roboti haijatolewa kwenye masanduku na kunyweshwa maji. Kuna hata kifaa cha mkononi kilichotengenezwa wakati wa kuja kwa 787 kwa ajili ya watu wa maegesho: unakirekebisha kwenye sehemu nzima, unakiweka penye mashaka, kinakujibu kwa neno moja, pazuri au pabaya. Kikisema pabaya unaita mkaguzi. Mtu asikwambie basi kwamba ndege iendelee kuruka mpaka roboti ipatikane. Roboti si sharti.

Swali lako lenyewe lilikuwa kama itaona kila kitu. Haioni. Ukipewa ramani yote ya rangi moja ukashangilia, unaweza kuwa umedanganyika bila mashine kusema uongo.

Sauti ikitoka nje inavuka ngozi, na pale mbavu au mhimili umegandishwa moja kwa moja kwenye ngozi inavuka hadi mguu wake, na hapo inasema kama gundi imeshika. Ikifika uso wa nyuma inakutana na hewa ya ndani ya ndege na kurudi. Mfupa wa mbavu uliosimama mbali na ngozi, au kifungo kilichopasuka sentimita chache nyuma yake, haviguswi kabisa na sauti hiyo. Ngozi itachorwa nzima kwa sababu ni nzima kweli. Kwa pigo la spana ultrasaundi ya nje hutosha mara nyingi. Kwa pigo la mpira mpana lazima mtu aingie kwenye sehemu ya mizigo, afungue paneli za ndani, amulike mbavu kwa macho na kioo, na ikibidi apime kutoka ndani. Hili likumbuke, nitalirudia.

Kuna gundi dhaifu pia, iliyogusana bila kushikana: hakuna hewa, sauti inapita, ramani inakuwa safi, na nguvu hakuna. Hadi leo hatuna kipimo cha kuaminika cha nguvu ya gundi bila kuivunja. Kwenye sega ultrasaundi ya upande mmoja inapata shida kufika ngozi ya pili, kwa hiyo tunageukia picha za joto au njia nyingine. Mwaka 2005, tarehe 6 Machi, Airbus A310 iliyokuwa imetoka Varadero, Cuba, ilipoteza karibu usukani wote wa mkia angani, na usukani ule ulikuwa wa sega lenye ngozi za kompositi. Ilirudi ikatua, watu wote salama. Wachunguzi wa Kanada walihitimisha kwamba ukaguzi uliokuwa umependekezwa wakati huo haukutosha kuzigundua kasoro za namna ile. Sheria za ukaguzi zilibadilika baada ya hapo. Ukaguzi ukiwa hauulizi swali sahihi, hata ukifanywa kwa uaminifu unapita pembeni.

Na ramani zenyewe zinahitaji msomaji. Nikiwa mwanafunzi nilipewa kipande cha bawa nikakuta mstari mzuri ulionyooka ambapo mwangwi ulirudi mapema. Nikazungushia penseli nyekundu, nikaandika kwa fahari: matabaka yameachana. Mwalimu wangu hakusema neno, alifungua mchoro akaweka kidole. Pale ndipo mbunifu alipopunguza matabaka kutoka ishirini na manne hadi ishirini. Nilikuwa nimegundua mchoro. Bila mchoro, bila kipande cha kurekebishia kilichotengenezwa kwa kaboni ya aina ileile, mashine ya mamilioni inakuchorea picha nzuri usiyojua ni ya nini. Jua letu la saa saba mchana nalo lina lake: jeli inakauka kabla hujamaliza mstari, ngozi inapata joto, kasi ya sauti inabadilika kidogo, na fundi mwenye haraka anaanza kuona vitu. Mimi huomba ndege iingizwe kivulini, au nasubiri jioni.

Unaweza kuuliza, kama ingekuwa mbaya si ingeshaonekana kwa siku hizi kumi na moja? Uwezekano mkubwa ni kwamba ndege hiyo ni nzima, au ina jeraha dogo ambalo muundo wake unalivumilia. Ningekuwa mtu wa kuweka dau, ningeweka upande huo. Lakini kuruka bila tatizo hakuthibitishi kitu, kwa sababu mzigo mkubwa unaohofiwa huja kwa nadra, siku ya dhoruba au ya kutua vibaya. Mwongozo wa mamlaka ya anga ya Marekani kuhusu miundo ya kompositi, AC 20-107B wa mwaka 2009, unayagawa madhara katika makundi matano. La kwanza ni yale madogo yanayoweza kukaa maisha yote ya ndege bila kuonekana. La pili na la tatu huonekana, ama kwenye ukaguzi wa ratiba ama na watu wa uwanjani ndani ya safari chache. La nne ni yale ambayo rubani anayajua papo hapo, kama ndege hai mkubwa, mwenye manyoya, kugonga bawa. Na nyinyi mnaoishi na wale ndege korongo wa Mwanza hamhitaji mfano. La tano ni mapigo makali yasiyokuwemo kwenye hesabu za ubunifu, na mgongano mkubwa na gari la uwanjani umetajwa humo. Kwa kundi hili la tano mwongozo hautegemei mashine wala ratiba. Unategemea mtu aliyeona aseme. Ukaguzi wa kwanza wa tukio lako ulikuwa macho yako na masikio yako, na ripoti yake bado iko mfukoni mwako.

Hata likikutwa jeraha, si mwisho wa ndege. Mwaka 2013 Boeing 787 ya Ethiopia iliungua mgongoni ikiwa imeegeshwa Heathrow, London. Sehemu iliyoharibika ilikarabatiwa na ndege ikarudi kazini. Kwa ubavu uliosukumwa, fundi ataangalia kitabu cha ukarabati cha aina hiyo ya ndege, kinachosema jeraha la ukubwa gani mahali gani linaruhusiwa. Likizidi, swali linapelekwa kwa mtengenezaji. Huenda ndege ikalala siku moja au mbili, abiria wakalalamika, meneja akakunja uso.

Kuhusu kibarua chako sitakudanganya. Siwezi kukuahidi kwamba hakuna atakayekasirika. Ninachojua ni kwamba Kiambatisho cha 19 cha Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga kinazitaka nchi ziwe na mfumo wa taarifa za hiari za usalama na kumlinda anayezitoa, na Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania ndiyo mlango wako endapo ndani ya kampuni hutasikilizwa. Tena uliniambia nyote mliangalia na kiongozi wa zamu akaamua, kwa hiyo hukuficha kitu. Anayetoa taarifa kwa hiari yake siku ya kumi na moja anakaa mahali tofauti kabisa na yule atakayetafutwa baadaye kwa picha za kamera.

Ukienda, nenda na karatasi. Andika tarehe na saa, namba ya usajili ya ndege (kwa za kwetu huanza na 5H), upande wa kushoto au kulia, kimo kutoka ardhini, umbali kutoka ukingo wa mlango, gari lipi, lilikuwa na mzigo au tupu, na mwendo wake ulivyoukadiria. Andika kwamba ni mpira uliogusa na kwamba ndege ilitikisika. Sentensi hiyo iweke juu kabisa, usiiache ipotee chini ya habari za mvua. Kama gari lile bado lipo, pima kimo cha mpira wake, kwa sababu kimo hicho kinamwambia mkaguzi ni mfupa upi wa mbavu uliobeba. Usijaribu kugonga tena wala kupaka kitu. Omba nakala au namba ya ripoti.

Na wakirudi wakakuambia wameangalia, wamepitisha hata ultrasaundi, hakuna kitu, washukuru, halafu uulize swali moja kwa adabu: je, paneli za ndani za sehemu ya mizigo zilifunguliwa, mbavu zikaonekana? Wakisema ndiyo, nenda kalale. Wakisema hapana, niandikie tena siku hiyohiyo.